Saratani ya ovari: Kipimo cha damu peke yake hakitoshi

Tumbo la mwanamke likianza kujaa huko Namoruputh, Loima, katika kaunti ya Turkana nchini Kenya, mambo yanayoweza kulijaza ni mengi. Huenda ni mimba. Huenda ni kifua kikuu kilichoshuka tumboni, au wengu uliovimba kwa kalazaa, ugonjwa unaoenezwa na usubi. Huenda ni uvimbe wa haidatidi, ule unaotokana na tegu wa mbwa, ambao Turkana imeteswa nao kuliko karibu sehemu nyingine yoyote duniani. Na huenda ni saratani ya ovari.

Katika orodha hiyo, saratani ndiyo hutajwa mwisho. Lakini duniani kote wanawake zaidi ya 300,000 hupatikana nayo kila mwaka, na zaidi ya 200,000 hufariki. Katika nchi zenye matibabu kamili, ikigunduliwa ingali ndani ya ovari, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishatapakaa mbali, wanaobaki ni takriban 3 kati ya 10. Wengi hugunduliwa wakiwa katika kundi hilo la pili.

Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kipo kipimo cha damu cha saratani hii, moyo humpiga kwa matumaini. Kipimo hicho kinaitwa CA-125. Maabara za miji mikubwa hukifanya, na jamaa aliye Nairobi au Eldoret anaweza kumpigia simu mamake aliye Loima na kumhimiza akatolewe damu, majibu yaje, roho itulie. Nia ni njema kabisa. Ila kabla ya mkono kufungwa mpira na sindano kuingia, yafaa familia ijue kipimo hiki kinaaminika kiasi gani, kwa nani, na kwa kazi ipi.

Jibu ni kwamba kuna kazi kinayoiweza vizuri na kuna kazi kisiyoiweza kabisa, na watu wengi hukitumia kwa ile kisiyoiweza. Wanawake wa Turkana wana sababu zaidi ya wengine za kulielewa jambo hili, kwa kuwa maradhi mengine yaliyo mazoea kwao yanaweza kukipandisha kipimo hicho bila saratani yoyote kuwepo.

Kinachopimwa ni nini?

Mwaka 1981, Robert Bast na wenzake mjini Boston, Marekani, walitengeneza kingamwili inayoshika protini fulani iliyo kwenye seli za saratani ya ovari. Ilikuwa ya 125 katika mfululizo wa majaribio yao, na namba hiyo ikabaki kwenye jina. Mwaka 1983 walichapisha matokeo ya kuipima protini hiyo katika damu. Waliweka mpaka kwenye yuniti 35 kwa kila mililita. Wanawake 83 kati ya 101 waliokuwa na saratani ya ovari walivuka mpaka huo. Asilimia 1 ya watu 888 wenye afya njema nao waliuvuka, pamoja na asilimia 6 ya wagonjwa 143 waliokuwa na maradhi yasiyo saratani.

Namba 35 imedumu tangu wakati huo. Ndiyo utakayoiona leo kwenye karatasi ya majibu.

Kazi yenyewe maabarani ni ya kawaida. Damu hujazwa kwenye kichupa, huachwa igande, kisha kichupa huzungushwa kwa kasi hadi majimaji ya rangi ya manjano yajitenge juu. Majimaji hayo huingizwa kwenye mashine yenye kingamwili za aina mbili: moja huikamata protini, ya pili huishika kutoka upande mwingine ikiwa imebeba kitu kinachotoa mwanga. Mwanga ukiwa mwingi, protini ni nyingi. Mwishowe huchapwa mstari mmoja wenye jina la kipimo, namba, na pembeni kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida.

Mashine haioni tumbo. Haijui kama mwenye damu yuko kwenye hedhi, ana mimba changa, au amekuwa akitokwa jasho usiku kwa miezi miwili. Tena protini inayoipima si mali ya saratani peke yake. Mwili wenye afya huitengeneza katika utando unaofunika viungo vya tumbo, utando wa mapafu na wa moyo, mirija ya uzazi na ukuta wa ndani wa kizazi. Chochote kinachouchokoza utando huo kinaweza kuipandisha: hedhi, ujauzito, faibroidi, endometriosisi, maambukizi ya nyonga, ini lililoharibika, moyo ulioshindwa kazi, maji yaliyojaa kifuani au tumboni. Saratani za matiti, mapafu, kongosho na kizazi nazo huweza kuipandisha.

Hesabu ambayo karatasi haionyeshi

Tuchukue wanawake 2,500 waliokwisha kukoma hedhi na wasio na dalili yoyote. Kwa makadirio yanayotumiwa sana katika nchi za Magharibi, mmoja wao ndiye mwenye saratani ya ovari wakati huo. Wote wapimwe damu. Tukubali kwamba kipimo kitamnasa yule mmoja, na kwamba kitawasingizia asilimia 1 tu ya wasio na ugonjwa. Asilimia 1 ya 2,500 ni wanawake 25. Kwa hiyo karatasi 26 zitatoka na namba iliyovuka mpaka, na 25 kati yake ni za wanawake wasio na saratani hiyo.

Katika hesabu hiyo kipimo nimekipa sifa kubwa kuliko inayokistahili. Saratani ikiwa katika hatua ya kwanza, ambapo kuigundua kungeleta faida kubwa zaidi, CA-125 hupanda kwa takriban nusu tu ya wagonjwa. Kwa wanawake vijana mambo huwa magumu zaidi, maana saratani yenyewe ni adimu kwao huku hedhi, mimba na faibroidi zikiwa za kawaida.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mfugaji wa Turkana anaukubali msemo huo, lakini amekwisha kuona mawingu mengi yakipita juu ya milima ya Loima bila kudondosha tone, na kwa sababu hiyo hahamishi mifugo kwa wingu moja. Namba iliyovuka 35 ni wingu la namna hiyo. Inastahili kuangaliwa kwa makini, na haitoshi kumhamisha mtu.

Wanawake laki mbili walifuatiliwa

Madaktari hawakuishia kwenye hesabu za karatasi. Nchini Marekani, wanawake 78,216 wa umri wa miaka 55 hadi 74 waliingizwa katika utafiti mkubwa. Nusu yao walipimwa CA-125 pamoja na ultrasaundi ya kupitia ukeni kila mwaka, na nusu nyingine waliendelea na matibabu ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Vifo vya saratani ya ovari havikupungua katika kundi lililopimwa. Wanawake 3,285 waliambiwa kuna dalili ya saratani ilhali hawakuwa nayo. Kati yao 1,080 walifanyiwa upasuaji, na 163 kati ya hao walipata angalau tatizo moja kubwa kutokana na upasuaji huo. Yaani mtu aliingia chumba cha upasuaji akiwa hana saratani, akatoka na madhara.

Uingereza ilifanya utafiti mkubwa zaidi. Wanawake 202,638 wa miaka 50 hadi 74 waliandikishwa kati ya 2001 na 2005. Katika kundi moja, badala ya kutegemea namba moja, watafiti walifuatilia jinsi CA-125 ya kila mwanamke ilivyokuwa ikibadilika mwaka hadi mwaka, na kundi jingine likachunguzwa kwa ultrasaundi. Majibu ya mwisho yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet. Ufuatiliaji wa damu ulisaidia kugundua baadhi ya saratani zikiwa bado changa, lakini idadi ya waliokufa haikupungua, si kwa kipimo cha damu wala kwa ultrasaundi.

Hata kabla ya majibu hayo ya mwisho, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2016 dhidi ya vipimo vinavyouzwa kwa ajili ya kutafuta saratani ya ovari kwa wasio na dalili. Mwaka 2018 jopo la kitaifa la kinga la nchi hiyo likashauri wanawake wasio na dalili, na wasio katika familia zenye hatari ya kurithi, wasipimwe kwa lengo hilo.

Kwa hiyo mama mzima wa afya, aliye Namoruputh au Nairobi, asiuze mbuzi kulipia CA-125 ili tu ajue yuko salama. Namba ikiwa chini haimhakikishii usalama, na ikiwa juu huenda ikamwingiza katika hofu na gharama zisizo na sababu.

Turkana ilikwisha kulifunza somo hili

Mjadala wa damu dhidi ya ultrasaundi haukuanzia kwenye saratani, na sehemu yake muhimu ilifanyika hapa hapa Turkana.

Ugonjwa wa haidatidi husababishwa na tegu mdogo anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, humfikia mtu kwa mikono, chakula au maji, kisha hukua polepole na kuwa mfuko wa maji, mara nyingi kwenye ini, lakini pia kwenye mapafu, utando wa tumbo na hata nyonga. Mapema miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba kaskazini magharibi mwa Turkana watu wapatao 220 kati ya kila 100,000 walihitaji upasuaji wa ugonjwa huu kwa mwaka, kiwango kilichohesabiwa kuwa cha juu kabisa duniani. Wanawake waliugua zaidi ya wanaume.

Shirika la Amref lilianzisha mpango wa kuudhibiti mwaka 1983. Ili kujua nani anao, njia iliyozoeleka ilikuwa kupima damu kutafuta kingamwili. Timu hiyo ikaamua kubeba mashine ya ultrasaundi hadi kwa wafugaji wenyewe na kulinganisha njia hizo mbili. Mwaka 1987 Calum Macpherson, Thomas Romig, Eberhard Zeyhle na wenzao walichapisha matokeo katika The Lancet. Watu wengi walioonekana wazi kwenye kioo kuwa na mfuko tumboni walikuwa na damu isiyoonyesha chochote. Mfuko wenye ukuta mzima unaweza kujificha kiasi kwamba mwili hautoi kingamwili za kutosha kuonekana. Tangu hapo ultrasaundi ikawa nguzo ya kazi hiyo Turkana, na yaliyojifunzwa huku yakasaidia dunia kuweka utaratibu wa kutambua mifuko hiyo kwa picha.

Kwenye kioo cha ultrasaundi, mfuko wa haidatidi mara nyingi hujitambulisha. Mtaalamu hupaka jeli baridi tumboni, hupitisha kifaa chini ya mbavu za kulia, na kwenye ini hutokea duara jeusi la maji lenye ukuta mweupe, wakati mwingine wenye mistari miwili. Ndani yake huweza kuonekana mifuko midogo midogo iliyosongamana, watoto wa mfuko mkubwa. Jicho lililozoea halihitaji muda mrefu.

Somo lililotoka huko linaihusu pia saratani ya ovari: mtu akiwa na jambo tumboni, tumbo lenyewe lichunguzwe. Damu isaidie kujibu swali lililokwisha kuulizwa vizuri.

Kifua kikuu kinapovaa sura ya saratani

Kuna ugonjwa mwingine ambao kila daktari wa Lodwar na Kakuma anapaswa kuuweka mbele ya macho kabla ya kutamka saratani. Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake. Kikiingia kwenye utando wa tumbo, hujaza maji, hukondesha mwili, huleta homa za jioni na hufanya utando uwe na vijivimbe. CA-125 ya mgonjwa huyo hupanda, mara nyingi hadi mamia. Picha inakuwa ile ile ya saratani ya ovari iliyotapakaa: tumbo la maji, mwili uliokonda, namba ya kutisha.

Katika nchi nyingi zenye kifua kikuu, wanawake wamefunguliwa tumbo kwa ajili ya saratani na kukutwa na kifua kikuu, ugonjwa unaopona kwa vidonge vya miezi sita au zaidi kidogo. Akitibiwa, maji hukauka na CA-125 yake hushuka yenyewe. Mama wa namna hiyo akiambiwa kwamba ana saratani iliyoenea na hakuna la kufanya, anaweza kurudi nyumbani kufa kwa ugonjwa ambao dawa yake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa mwenye maji tumboni apimwe kifua kikuu: makohozi kama anakohoa, picha ya kifua, maji ya tumboni yenyewe, na ikibidi kipande kidogo cha utando kichukuliwe na kusomwa na mtaalamu wa patholojia. Saratani nayo huthibitishwa vivyo hivyo, kwa seli kuonekana chini ya hadubini. CA-125 haithibitishi saratani kwa mtu yeyote.

Namba moja, maana tatu

Yote haya hayamaanishi kwamba kipimo hiki hakina kazi. Kwa mwanamke mwenye dalili, au aliyeonekana na uvimbe kwenye ovari, kina msaada mkubwa kikichanganywa na mambo mengine. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2011 unasema mwanamke mwenye dalili apimwe CA-125, na ikiwa 35 au zaidi afanyiwe ultrasaundi ya tumbo na nyonga.

Mwaka 1990 Ian Jacobs na wenzake walitoa kanuni rahisi ya kukadiria hatari, ambayo bado inatumika. Huzidisha vitu vitatu: alama ya ultrasaundi, alama ya umri wa uzazi, na CA-125 yenyewe. Ultrasaundi isiyo na dalili mbaya hupata 0, yenye dalili moja hupata 1, yenye mbili au zaidi hupata 3. Dalili zenyewe ni uvimbe wenye vyumba vingi, sehemu ngumu ndani yake, uvimbe pande zote mbili, maji tumboni, na ishara za kuenea. Ambaye bado anapata hedhi hupewa 1, aliyekoma hupewa 3. Jibu likizidi 200, mgonjwa anastahili kupelekwa kwa mabingwa wa saratani za wanawake.

Tuchukue CA-125 ya 60. Mama wa miaka 56 aliyekoma hedhi, mwenye uvimbe wenye sehemu ngumu pamoja na maji tumboni, anapata 3 mara 3 mara 60, yaani 540. Asichelewe hata wiki. Mama wa umri huo huo ambaye ultrasaundi yake imeonyesha dalili moja tu anapata 180. Huyo afuatiliwe kwa karibu. Binti wa miaka 28 anayepata hedhi, mwenye dalili moja, anapata 60, na huenda sababu ni endometriosisi. Namba ya damu ni moja kwa wote watatu, na safari zao ni tofauti kabisa.

Hata kanuni hiyo ina mtego kwa Turkana. Mfuko wa haidatidi wenye watoto ndani huweza kuonekana kama uvimbe wa vyumba vingi. Mifuko mingine kwenye ini huweza kudhaniwa kuwa saratani iliyosambaa. Maji ya kifua kikuu huongeza alama. Mtaalamu anayeshika kifaa cha ultrasaundi huku lazima aangalie ini na nyonga kwa pamoja, na ajue anatafuta nini.

Kuna hatari nyingine inayotokana na mtego huo. Uvimbe wa maji uliofungika tumboni usichomwe sindano kwa kubahatisha. Ukiwa ni haidatidi, maji yakimwagika yanaweza kumletea mgonjwa mshtuko wa ghafla unaoua, na kupanda mifuko mipya tumboni. Wataalamu waliofunzwa huichoma mifuko hiyo kwa makusudi, wakiongozwa na ultrasaundi, mgonjwa akiwa ametangulia kumeza albendazole na dawa za dharura zikiwa tayari. Ukiwa ni saratani changa ya ovari, sindano inaweza kumwaga seli na kuufanya ugonjwa uliokuwa umefungika uenee.

Baada ya matibabu

Kazi ambayo CA-125 huifanya vizuri zaidi ni kumfuatilia mgonjwa aliyekwisha kuthibitishwa. Ikiwa ilikuwa juu kabla ya upasuaji na tibakemia, kushuka kwake huonyesha kwamba tiba inafanya kazi, na kupanda tena huweza kutangulia kurudi kwa ugonjwa kwa miezi kadhaa. Mashine hutofautiana, kwa hiyo ni vizuri mgonjwa apimwe katika maabara ile ile kila mara.

Hata hapa uvumilivu unahitajika. Utafiti ulioongozwa na Gordon Rustin, uliochapishwa mwaka 2010, uliwagawa wanawake 529 ambao CA-125 yao ilikuwa imepanda baada ya matibabu. Nusu walianza tibakemia mara moja, na nusu walisubiri hadi dalili zijitokeze. Walioanza mapema hawakuishi muda mrefu zaidi, ila walitumia muda mwingi zaidi kwenye dawa nzito. Mgonjwa ana haki ya kulijua hilo kabla ya kuamua afuatiliwe kwa kipimo hiki au la.

Namba ndogo isimtulize mwenye dalili

Kosa la upande wa pili ni kumwambia mwanamke mwenye dalili kwamba hana shida kwa sababu namba yake ni 20. Takriban saratani moja kati ya tano za ovari hutoa CA-125 kidogo sana au haitoi kabisa. Saratani za wasichana wadogo mara nyingi huanzia kwenye seli za mayai, na vipimo vyake vya damu ni vingine, kama AFP na hCG. Msichana wa miaka 14 mwenye uvimbe tumboni akipimwa CA-125 peke yake, swali lililoulizwa si lake.

Tena mpaka wa 35 ulitokana zaidi na wanawake wazungu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024 uliwaangalia wagonjwa wa saratani ya ovari zaidi ya 200,000, ukagundua kwamba wanawake weusi na wenyeji asilia wa nchi hiyo walikuwa na uwezekano mdogo kwa takriban asilimia 23 wa kuonyesha CA-125 ya juu wakati wa kugunduliwa. Jambo hilo linatugusa moja kwa moja. Daktari wa Kiafrika anayemtibu mwanamke wa Kiafrika asiuone mpaka huo kama ukuta usiopitika.

Dalili zenyewe ni nne, na hazihitaji maabara: tumbo kujaa, kushiba haraka au kukosa hamu ya kula, maumivu ya tumbo la chini au nyonga, na haja ndogo ya mara kwa mara au ya ghafla. Zikija mpya, na zikirudi zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hasa kwa mwanamke aliyepita miaka 50, anahitaji kuchunguzwa.

Turkana, dalili hizi hupotea kirahisi ndani ya shida nyingine. Wakati wa ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, nani angeshangaa kumwona mama amekonda? Mama anayewagawia watoto chakula kwanza hawezi kujua haraka kwamba anashiba kwa vijiko vitatu. Ishara ya kuangalia ni mwili unaokonda huku tumbo likiongezeka. Njaa inaweza kuukondesha mwili, lakini tumbo la mama mzima linalozidi kujaa wiki baada ya wiki lina sababu nyingine, na sababu hiyo lazima itafutwe.

Njia ya kutoka Namoruputh

Mwanamke wa Namoruputh anayeziona dalili hizi huanzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu, hupanda hadi Lorugum, kisha Lodwar kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Wa Kakuma na Kalobeyei, wenyeji na wakimbizi, wana hospitali ya misheni na ile ya Ammusait. Uvimbe ukionekana kuwa wa saratani, safari ni ya Eldoret, zaidi ya kilomita 350 kutoka Lodwar, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambako mabingwa wa saratani za wanawake wamekuwa wakifunzwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Toronto. Upasuaji wa kwanza wa saratani hii ukifanywa na bingwa, mgonjwa hupata nafasi bora zaidi ya kuishi.

Akiwa mbele ya daktari, mama asione haya kuuliza. Daktari, kipimo hiki unakitafutia nini kwangu? Kikitoka juu tutafanya nini, na kikitoka chini? Umeangalia ini na ovari kwa ultrasaundi? Umeondoa kifua kikuu? Kama nina uvimbe, nani atanipasua? Daktari mzuri hatakasirika. Na kama mamake, dadake au bintiye aliwahi kuugua saratani ya matiti au ya ovari, aseme bila kuulizwa, kwa sababu kuna familia zinazorithi hatari hiyo na ushauri wao ni tofauti na wa wengine.

Serikali ya kaunti nayo ina wajibu. Kaunti iliyohesabiwa kuwa na watu 926,976 mwaka 2019, iliyotawanyika kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 70,000, haiwezi kuutegemea mji wa Lodwar peke yake. Mashine ya ultrasaundi ya kubebeka iliweza kuwafikia wafugaji wa Turkana zaidi ya miaka 35 iliyopita. Leo mashine hizo ni ndogo na nafuu kuliko zile. Mafundi wa kuzitumia wafunzwe na wabakizwe Lorugum, Kakuma na Lokichoggio. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba wafundishwe dalili nne za saratani ya ovari kama wanavyofundishwa za malaria na kifua kikuu. Na bima ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024 imlipie mgonjwa wa mbali vipimo vinavyothibitisha ugonjwa, badala ya kumwacha achangishe kwa jamaa ili apate karatasi yenye namba moja.

Mwanamke wa Namoruputh hastahili kupewa namba na kuachwa nayo. Anastahili kulazwa kitandani na kupapaswa tumbo kwa mikono inayojua, kuangaliwa kwa ultrasaundi kutoka ini hadi nyonga, kupimwa kifua kikuu, na kusikilizwa anaposema kwamba tumbo lake si lile analolijua. Hayo yakitangulia, CA-125 itampa daktari wake msaada wa kweli. Yasipotangulia, isitolewe hukumu yoyote kwa kipimo hicho, iwe ya kumtisha au ya kumtuliza.